Namugongo na Njia ya Pwani: Kumbukumbu Tatu katika Hija Moja

Makala haya yalianza kama matembezi, wala si kama utafiti. Nilikuwa Kampala kwa shughuli nyingine, nikabakiwa na siku moja isiyo na kazi, nikapanda teksi ya abiria hadi Kyaliwajjala na kutoka hapo bodaboda hadi kwenye lango la Namugongo. Haikuwa tarehe 3 Juni, siku ambayo barabara zote za upande ule hujaa watu waliotembea kwa majuma. Ilikuwa siku ya kawaida ya kazi, jua kali, wauzaji wa rozari wakisinzia chini ya miavuli yao. Kwa mwanahistoria siku ya namna hiyo ina faida yake: mahali patakatifu huonekana vizuri zaidi pakiwa patupu.

Basilika yenyewe haifanani na kanisa lolote ambalo msafiri wa Afrika Mashariki amezoea kuliona. Haina mnara wa kengele, wala haina umbo la msalaba. Ni jengo la duara lenye paa linaloteremka kama paa la nyumba ya kale ya Kiganda, nalo limezungukwa na nguzo 22 za shaba zinazoinuka kutoka ardhini hadi kileleni. Mchoraji wake alikuwa Justus Dahinden, msanifu majengo wa Uswisi, na lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975. Kila nguzo ni Mkatoliki mmoja aliyeuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga II kati ya Novemba 1885 na Januari 1887. Altare imewekwa mahali ambapo, kwa mujibu wa mapokeo, Charles Lwanga aliteketezwa kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni. Nje kuna bwawa la kuchimbwa lenye kisiwa kidogo ambapo misa ya sikukuu huadhimishwa, na ukingoni mwake mahujaji huchota maji ya kurudi nayo nyumbani.

Pale ukingoni nilikuta kundi la akina mama wakisali rozari kwa Kiswahili. Walikuwa wametoka mkoa wa Mwanza. Nilipowaamkia, mmoja wao, mtu wa makamo, aliniuliza nimetoka wapi, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayesahihisha jambo lililokosewa siku nyingi: "Mwanangu, mapadri hawa walianzia kwetu, Bukumbi. Hapa walikuja tu." Kwa tarehe, mama yule alikosea. Kwa jambo kubwa zaidi alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi, nami nimeona niyaandike makala haya kumtetea.

Hoja yangu ni kwamba historia ya Namugongo ni historia ya njia moja, ile iliyotoka Unguja na Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika kusini mwa ziwa na kuvuka hadi Buganda. Kwa njia hiyo zilifika dini zote mbili za kitabu, na zote mbili zilifika zikisema Kiswahili. Uzio unaozitenganisha leo kumbukumbu za waliokufa Namugongo haukujengwa na moto wa 1886. Ulijengwa baadaye, na waliobaki hai.

Njia na lugha yake

Wafanyabiashara wa Pwani walitangulia. Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri la Kabaka Suuna II mwaka 1844, na mazungumzo yake na Suuna kuhusu Mungu na ubatili wa kumwaga damu yamebaki katika mapokeo ya Waganda. Chini ya mwanawe, Mutesa I, Uislamu ulipata mizizi kasrini. Mutesa alijifunza Kiswahili, akajifunza kusoma hati za Kiarabu, na tangu mwaka 1867 akaanza kufunga Ramadhani. Vijana wa kasri waliojifunza pamoja naye waliitwa abasomi, wasomaji. Jina hilo wanafunzi wa Kikristo walilirithi tu, wala hawakulianzisha.

Henry Morton Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875 alimwacha kasrini kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyelelewa na Misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja. Kijana huyu ndiye aliyekuwa akimsomea na kumfafanulia Kabaka Maandiko kwa Kiswahili, na baadaye akawa mwandishi wake wa barua. Ni vigumu kumwona katika picha rasmi za kuingia kwa Ukristo Uganda, kwa kuwa hakuwa mmisionari wala Mganda. Alikuwa mtoto wa bara aliyepata lugha na kitabu Pwani. Watu wa aina yake waliibeba historia ya kanda hii migongoni mwao, na majina yao ni machache mno katika maandishi yetu.

Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society waliingia Buganda Juni 1877. Alexander Mackay, fundi na mwalimu, alifundisha kusoma kwa kutumia Injili za Kiswahili zilizotafsiriwa Unguja chini ya Askofu Edward Steere, kabla vitabu vya Kiganda havijachapwa. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifuata. Walipita Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Kageye, kusini mwa ziwa, na kutoka hapo Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi na kutia nanga Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Waganda walimwita Lourdel "Mapera", kwa kuyasikia maneno ya Kifaransa "mon père". Lakini lugha waliyofundishia mwanzoni ilikuwa ileile ya msafara.

Ushahidi wa jambo hili bado umo katika Kiganda chenyewe. Eddiini, essaala, ekitabo, omusalaba, malayika, kalaamu: msomaji wa Kiswahili hahitaji mfasiri. Inafaa kuongeza kwamba kwa neno moja kubwa Waganda walitumia mzizi wao wenyewe. Waliokufa kwa ajili ya imani wanawaita abajulizi, yaani waliotoa ushahidi, ilhali Kiswahili kinawaita mashahidi, kwa neno la Kiarabu ambalo Waislamu nao wanalitumia kwa wafu wao. Namugongo tofauti hiyo si ya kamusi peke yake, kama tutakavyoona.

Na Bukumbi je? Novemba 1882 mapadri, kwa kuhofia usalama wao na wa watoto waliokuwa wakiwalea, waliondoka Buganda na kurudi kusini mwa ziwa, wakaweka makazi yao Bukumbi, katika Mwanza ya leo. Walikaa huko hadi Julai 1885. Kwa miaka hiyo takriban mitatu Kanisa Katoliki la Buganda halikuwa na padri hata mmoja. Liliongozwa na walei: Joseph Mukasa Balikuddembe kasrini, Andrea Kaggwa na Matthias Kalemba nje ya kasri. Wakatekumeni waliongezeka badala ya kupungua. Mama yule wa Mwanza aliposema mapadri "walianzia" Bukumbi aliigeuza safari kichwa chini, lakini aliligusa jambo ambalo jengo la shaba haliwezi kulisema: waliokufa Namugongo walikomaa katika imani wakati walimu wao walipokuwa ng'ambo ya ziwa, upande wake yeye.

Wasomaji wa kwanza kuchomwa

Namugongo haikuwa mahali patakatifu kabla ya mahujaji. Ilikuwa mojawapo ya sehemu rasmi za kuulia watu wa ufalme, chini ya ukoo na utaratibu maalumu wa wauaji wa Kabaka. Na wasomaji wa kwanza kufia hapo kwa sababu ya imani hawakuwa Wakristo.

Mutesa alikuwa Mwislamu kwa namna yake. Alifunga, alijenga msikiti, aliwataka watu wake waswali, lakini hakutahiriwa, kwani mila ya Buganda ilikataza damu ya mfalme kumwagwa. Walimu waliofika kutoka upande wa Misri na Sudan waliwaambia vijana kwamba mtu asiyetahiriwa hafai kuwa imamu wao, wala nyama aliyoichinja si halali. Vijana walikubali mafundisho hayo. Wakakataa kuswali nyuma ya Kabaka, na wakakataa nyama ya kasri. Mwaka 1876 Mutesa aliamuru wauawe, na makumi yao wakateketezwa Namugongo.

Anayesoma kisa hiki baada ya kile cha 1886 atashangaa jinsi vinavyofanana. Vijana ni walewale wa kasri, umri uleule. Kosa ni lilelile: wamepata mahali pengine pa kuuliza lililo halali, nje ya kauli ya Kabaka. Hata adhabu ni ileile, mahali palepale, miaka kumi tu kabla. Baadhi ya waliouawa mwaka 1886 bila shaka walikuwa watoto waliosikia habari za 1876. Kumweleza Lwanga bila kuwataja vijana hao ni kuanzia hadithi katikati.

Juni 1886

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanga, kijana wa miaka kumi na kitu hivi, alirithi kiti chenye hofu nyingi. Januari 31, 1885, Waanglikana watatu vijana waliuawa Busega. Wajerumani walikuwa wameanza kudai nchi upande wa Pwani, na habari zao zilifika Buganda kwa njia ileile ya misafara, pamoja na ushauri wa wafanyabiashara kwamba wazungu "wanakula nchi". Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington, aliyekuja kwa njia ya mashariki kupitia Busoga, njia ambayo utabiri wa Buganda uliitaja kuwa mlango wa wavamizi, aliuawa kwa amri ya Mwanga. Joseph Mukasa alimkemea Kabaka kwa tendo hilo, na tarehe 15 Novemba 1885 akakatwa kichwa na mwili wake kuchomwa Nakivubo.

Kilichowasha moto wa Mei 1886 kimejadiliwa sana. Masimulizi ya Kanisa, yaliyokusanywa kwa kina na J. F. Faupel katika kitabu chake cha 1962, yanaweka mbele kukataa kwa vijana kutii matakwa ya kimwili ya Kabaka. John Rowe, akiandika mwaka 1964, alionyesha kwamba mauaji hayo yalikuwa ya kuchagua: wengi walisamehewa, na ndani ya mwaka mmoja Mwanga mwenyewe aliwapa wasomaji, Wakristo kwa Waislamu, uongozi wa vikosi vipya vya bunduki. Apolo Kaggwa, Mwanglikana aliyepigwa vibaya siku zile, na Honorat Nyonyintono, Mkatoliki aliyekatwa viungo, wote wawili walipandishwa vyeo. Kwa maoni yangu maelezo hayo mawili hayapingani kama inavyodhaniwa. Katika kasri la Buganda mwili wa kijana, kazi yake na utii wake vilikuwa kitu kimoja mbele ya mfalme. Aliyekataa kimoja alikuwa amekataa vyote.

Yaliyofuata yanajulikana. Usiku wa kuamkia Mei 26, Lwanga aliwabatiza Munyonyo vijana waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mdogo wao. Waliohukumiwa walitembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo, baadhi wakiuawa njiani. Tarehe 3 Juni walifungwa katika mikeka ya matete na kuwekwa juu ya kuni. Lwanga alitengwa na kuchomwa peke yake. Wakatoliki wenzake 12 walikufa katika rundo kubwa pamoja na Waanglikana. Mbaga Tuzinde, aliyelelewa katika nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji, aliombwa aseme tu kwamba hasali, akakataa.

Jambo moja nataka lionekane wazi. Katika rundo lile hapakuwa na upande wa Wakatoliki na upande wa Waanglikana. Wala hawakuwa Waganda watupu: Kaggwa alikuwa mzaliwa wa Bunyoro na Kalemba alitoka Busoga, wote wakiwa wameletwa Buganda kama mateka wa vita walipokuwa watoto. Kuwaita "mashahidi wa Uganda" ni kutumia jina la nchi ambayo haikuwepo bado, na huenda kwa sababu hiyo jina linafaa.

Uzio ulivyojengwa

Miaka miwili baadaye, Septemba 1888, wasomaji wa dini zote walimpindua Mwanga. Alikimbia kuvuka ziwa, na baada ya kukaa kwa taabu Magu akapokelewa Bukumbi, katika nyumba ya mapadri walewale ambao wanafunzi wao aliwachoma. Sijui kisa kingine katika historia ya kanda yetu kinachostahili hija zaidi ya hicho, lakini hakina basilika. Wakristo walimrudisha kitini. Kisha Januari 1892, Mengo, wakapigana wao kwa wao, Wakatoliki walioitwa Bafalansa dhidi ya Waanglikana walioitwa Bangereza, na bunduki za Kapteni Lugard zikaamua mshindi. Vyeo na ardhi viligawanywa kwa dini, na Waislamu, walioshindwa kabla ya hapo, wakapata sehemu ndogo kabisa. Mwanga mwenyewe alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieri.

Kumbukumbu ilifuata mipaka ya vyeo. Mchakato wa Roma uliwahusu Wakatoliki 22 peke yao: wakatangazwa wenyeheri Juni 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana wana orodha yao ya 23 na eneo lao la kumbukumbu kilomita chache kutoka basilika, mahali palipowashwa lile rundo kubwa. Hivyo basi jengo kuu limesimama pale alipofia mmoja, na pale walipofia wengi pamoja, Wakatoliki na Waanglikana, ni pa Kanisa jingine. Wakristo wenyewe wameliona tatizo hili. Paulo VI alipowatangaza watakatifu hao aliwataja Waanglikana waliokufa pamoja nao, na alipofika Uganda mwaka 1969, Papa wa kwanza wa zama hizi kukanyaga Afrika akiwa madarakani, alifika katika maeneo yote mawili. Fransisko alifanya vivyo hivyo Novemba 2015.

Kumbukumbu ya tatu imebaki pembeni. Waislamu wanayo habari ya 1876, na wana msikiti wa kuienzi katika eneo hilo, lakini tarehe 3 Juni, sikukuu ya taifa, haiwahusu. Hakuna anayelazimika kuyafanya maadhimisho ya Kanisa kuwa ya kila mtu. Hata hivyo, sikukuu ya taifa ni jambo la serikali. Serikali inapotoa fedha za barabara, ulinzi na maji kwa ajili ya Namugongo, na inapoitangaza kwa wageni kama urithi wa nchi, imeingia katika kazi ya kusimulia historia, ipende isipende.

Lugha ya mahujaji

Nililosikia pale bwawani ni Kiswahili, na nilisikia pia Kinyarwanda na Kiluo. Uganda yenyewe ina uhusiano wa mashaka na lugha ya kwanza. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kuipa Kiswahili nafasi kubwa shuleni, Kabaka Daudi Chwa alimpinga waziwazi, na wakuu wa makanisa nao wakasimama upande wa Kiganda. Baadaye Kiswahili kilijulikana kama lugha ya kambi za jeshi, na tangazo la Idi Amin la 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuisaidia sifa yake. Marekebisho ya Katiba ya 2005 na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa 2022 yamekirudisha mezani, lakini wenzetu wa Kampala wanatuambia kila mwaka kwamba raia wengi bado wanakisikia kama amri ya askari.

Hapa ndipo ninapoona Namugongo inaweza kuwafaa washauri wa sera waliomo katika mkutano huu. Tumezoea kukitetea Kiswahili Uganda kwa hoja za soko na za Jumuiya. Ni hoja nzuri, ila hazimgusi mtu. Kwa Mkristo wa Buganda ipo hoja iliyo karibu zaidi na moyo wake: maneno ya kwanza ya sala ambayo babu zake waliyafia yalikuja kwa lugha hii, na baadhi yangali kinywani mwake kila Jumapili. Kwa Mwislamu wa Buganda hoja ni hiyohiyo, nayo ina miaka zaidi. Kwa hiyo pendekezo langu ni la kawaida kabisa: mihtasari ya historia na Kiswahili inayoandaliwa sasa kwa shule za Uganda, na maelezo yatakayoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mahujaji wa nchi jirani, vianzie 1844 badala ya 1877, vimtaje Maftaa, viwataje vijana wa 1876, na viitaje Bukumbi. Sehemu ya gharama ya kazi hiyo ni haki ya Tanzania kuibeba, kwani sehemu kubwa ya njia imo ndani ya mipaka yake, na alama za ukumbusho upande wa kusini wa ziwa ni chache mno kulinganisha na uzito wa yaliyopita hapo.

Najua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba kuziweka kumbukumbu tatu katika simulizi moja ni kuwafanya waliokufa kwa imani tofauti kuwa mfano wa umoja ambao wao hawakuufia. Pingamizi hilo ni la haki. Kijana wa 1876 alikufa kwa sababu hakutaka kuswali nyuma ya asiyetahiriwa, na asingefurahi kuwekwa nguzo moja na asiyetahiriwa mwingine. Siombi nguzo ya pamoja. Naomba tarehe ziwekwe kwa mfuatano wake na njia ionyeshwe ilikotoka, halafu kila mwenye wafu awalilie kwa namna yake.

Nilipokuwa nikiondoka, mama wa Mwanza alikuwa amejaza maji chupa mbili. Moja, alisema, ni ya mgonjwa wa nyumbani. Ya pili ni ya jirani yake Mwislamu, aliyemwomba amletee, bila kumweleza ni ya nini, naye hakumuuliza.